Amina iliyo ndani ya jazi

Wapo wanaosema muziki wa injili uliiongezea jazi ladha tu, kama pilipili inayowekwa chakula kikiwa tayari mezani. Hoja yao ina uzito. Thomas Dorsey, anayeitwa baba wa injili, alikuwa mpiga piano wa blues, muziki wa majonzi wa Wamarekani Weusi, aliyemsindikiza mwimbaji Ma Rainey kabla ya kutunga "Take My Hand, Precious Lord" mwaka 1932. Ikiwa injili yenyewe ilichota kwenye blues, jazi ilikuwa inarudishiwa mali yake. Tena, baada ya mpiga piano wa jazi Horace Silver kupata soko na "The Preacher" ya 1955, sauti ya kanisa iligeuka bidhaa, na walioiga bila kuisikia rohoni hawakuwa wachache.

Lakini isikilize "Moanin'" ya mpiga piano Bobby Timmons, aliyelelewa kwenye nyumba ya mchungaji, babu yake. Bendi ya mpiga ngoma Art Blakey iliirekodi Oktoba 1958. Piano inatamka sentensi fupi, peke yake. Tarumbeta ya Lee Morgan na saksafoni ya Benny Golson zinajibu kwa mipigo miwili. Miwili tu! Na mwendo wake ni ule ule wa "A-mina" inayofunga wimbo wa kitabuni: kutoka kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya nne kurudi ya kwanza. Kisha wanabadilishana, wapulizaji wanaanzisha, piano inaitikia.

Jaribu kuiondoa mipigo hiyo. Kinachobaki ni mtu anayelalamika peke yake chumbani. Pilipili ukiitoa, chakula kinabaki chakula. Hapa ukiondoa kiitikio hakuna wimbo. Mhubiri asiyeitikiwa hajahubiri, na Timmons alilijua hilo tangu utotoni.

Mpiga besi Charles Mingus, aliyekulia Watts, Los Angeles, alilisukuma jambo hilo mbali zaidi mwaka 1959. Katika "Wednesday Night Prayer Meeting" bendi inanyamaza, na saksafoni ya Booker Ervin inabaki na makofi ya watu tu. Si piano, si besi: makofi, kama kwenye pambio lililokolea. Blues iliwapa wanamuziki hawa noti nyingi, sikatai. Ila namna ya kubebana, mmoja akipanda wengine wakimshikilia chini, waliijua kwenye mabenchi ya kanisa.

Na kuhusu biashara, yupo mpiga saksafoni John Coltrane, ambaye babu zake wote wawili walikuwa wachungaji. Desemba 1964, katika sehemu ya mwisho ya albamu yake "A Love Supreme", hakuna makofi wala kodi za amina. Kuna sala aliyoiandika mwenyewe, ikachapishwa kwenye jalada la sahani ya santuri. Ishike mkononi, fuata saksafoni: anaisoma kwa kupuliza, silabi kwa silabi, bila kufungua kinywa kutamka neno. Neno la mwisho kwenye karatasi ile ni Amina.