Mzungushe Mara Tatu Asijue Njia

Nilipokuwa na miaka kumi, mimi na kaka yangu tulitumwa kupeleka paka Burma. Tulikuwa tukikaa mtaa wa Jericho, hapa Nairobi, na paka wetu alikuwa amezaa tena, watoto wanne, chini ya kitanda cha wazazi. Mama aliwapanga wale wadogo kwenye katoni ya mafuta ya kupikia, mama yao akamtia guniani, kisha akatupa agizo ambalo watu wengi wa rika langu wanalijua: mkiwa njiani lizungusheni gunia mara tatu, asijue njia ya kurudi. Kwa nini Burma? Kwa sababu ni soko la nyama. Paka atakufaje njaa penye mifupa?

Tulishuka na Jogoo Road tukipokezana gunia. Tulipofika tuliiweka katoni nyuma ya kibanda kimoja, tukalifungua gunia, paka akachomoka kama mshale. Kabla hatujageuka, muuza nyama mmoja akatokea na kisu mkononi. Hakutugombeza. Alisema tu, "Hata nyinyi? Kila wiki mnatuletea. Mnadhani hapa ni kwa nyanya yao?"

Siku ya nane yule paka alirudi nyumbani, sikio limepasuka, mbavu zinahesabika. Watoto hawakurudi. Mama alimtazama kwa muda, akamwekea omena, na hadi leo hakuna aliyeligusia jambo lile pale nyumbani.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mbwa wa jirani. Mwaka huu familia iliyokuwa ikiishi nyumba ya tatu kutoka kwetu ilihama. Jumamosi asubuhi Canter ilikuja, wakapakia makochi, friji, mtungi wa gesi, hata maua ya kwenye makopo. Simba, mbwa wao mzee, hakupakiwa. Walikuwa wakihamia fleti, na huko mbwa hawaruhusiwi. Aliifukuza ile Canter hadi steji, akasimama pale akihema huku makanga wakimcheka, kisha akarudi kulala mbele ya geti lililofungwa. Alilala hapo wiki tatu.

Nataka kuwa mwadilifu kwa jirani yangu, maana si mtu mbaya. Nairobi ni mji wa wapangaji, na mwenye nyumba akiandika "hakuna wanyama" kwenye mkataba, hapo hakuna mjadala. Vilevile mbwa wetu wengi hapa hawakuletwa ili wapendwe. Waliletwa walinde. Mtu anamnunua akiwa mdogo kando ya barabara, anamfunga mchana, anamwachilia usiku, anamlisha makombo ya ugali. Siku waya wa umeme unapopandishwa ukutani na kamera zinapofungwa, mbwa huyo ni mfanyakazi aliyefutwa kazi bila barua. Kuna pia yule anayenunuliwa kama zawadi ya Krismasi, mviringo kama mpira, na kufikia Agosti ameshatafuna viatu vya watu watatu.

Kwa hiyo sisemi kwamba ukishamchukua mnyama ni lazima ubaki naye hata dunia ipinduke. Watu hufilisika, huugua, huhama, huachana. Ninachokipinga ni ule uongo mdogo tunaojiambia wakati wa kuagana naye: atapata mtu.

Uongo huo una namna nyingi. Rafiki yangu mmoja wa Majengo, Pumwani, aliwahi kumuuliza jirani yake kwa nini alimtupa paka, akajibiwa kwa dini. Ile hadithi ya Mtume tunaijua, ya mwanamke aliyeadhibiwa motoni kwa kumfungia paka mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwachia ajilie wadudu wa ardhini. "Sasa mimi nimemwachia," jirani akasema. Nilicheka nilipoelezwa, kisha nikaacha kucheka. Paka aliyezaliwa ghorofa ya tatu, akakulia kwenye maziwa na kochi, hawi huru kwa sababu tu umemfungulia mlango. Umemhamishia kwenye njaa ya polepole, pahali usipoweza kuiona.

Na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Sisi tunaogopa kuua paka. Ni mkosi, wazee walituambia, na nadhani woga huo ulikuwa na hekima yake. Lakini tumeutafutia mlango wa nyuma: hatuui, tunapeleka mbali tu, kisha njaa, magari na mbwa wengine wanatumalizia kazi. Mikono inabaki safi. Kuzungusha gunia kulikuwa kwa ajili yetu kuliko kwa ajili ya paka, maana anayerudi hukukumbusha ulichofanya.

Tazama pia tunakowapeleka. Sijawahi kusikia mtu wa Kawangware akibeba gunia la paka kwenda kuwamwaga Lavington kwa matajiri. Safari huenda upande mmoja: sokoni, ukingoni mwa mto, jalalani, mtaa wa mabanda, yaani pahali ambapo hakuna askari wa getini wa kuuliza umebeba nini. Yule muuza nyama wa Burma alikuwa akipokea mzigo wa mtaa mzima na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kwa mbwa ni hatari zaidi. Asipochanjwa, akabaki akizurura na kugombania mifupa na wenzake, anaweza kuambukizwa kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Karibu maambukizi yote kwa watu hutokana na kuumwa na mbwa. Kenya imejiwekea lengo la kuumaliza ifikapo 2030, na wataalamu wanasema inabidi angalau asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa. Mbwa aliyeachwa getini hana wa kumpeleka siku ya chanjo. Anayeumwa ni mtoto wa jirani anayekwenda shule kwa miguu.

Sheria, kwa wanaoipenda sheria, ipo. Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inayozuia ukatili dhidi ya wanyama, inahesabu kuwa kosa kumtelekeza mnyama wako bila sababu ya maana katika hali itakayomtesa. Mimi binafsi sijawahi kumwona mtu akishtakiwa kwa hilo.

Kuna njia za heshima, na zote zinaaibisha kidogo; nadhani ndiyo maana hatuzipendi. Kumtafutia mtu mwingine kunakulazimu ukiri kwa ndugu na marafiki kwamba umeshindwa. Kumpeleka KSPCA, shirika la kutunza wanyama, kule Karen kunakulazimu usimame mbele ya mtu na kusema, "Ni wangu, simtaki tena." Kumfunga kizazi mapema kunagharimu, mimi niliombwa shilingi elfu sita kwa paka mmoja, na najua nyumba ambazo hizo ni hela za chakula cha wiki mbili. Lakini mimba ya paka ni kama siku 63 tu, na anaweza kuishika kabla hajatimiza mwaka. Mama yangu alituma magunia Burma mara tatu, ninavyokumbuka.

Halafu kuna sindano. Wengi hapa huiona ya kikatili kuliko gunia. Mimi nimefika pahali pa kuamini kinyume. Daktari wa mifugo humpa mnyama dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa. Fahamu hupotea kwanza, kisha pumzi, kisha moyo. Simzungumzii mnyama mzima mwenye afya anayeweza kupata nyumba. Namzungumzia aliye kama Simba.

Maana wiki ya tatu niliona hawezi tena kuinuka vizuri. Nilimpigia jirani. Akaniambia, "Kama una huruma hivyo, si umchukue wewe?" Alikuwa na haki ya kuuliza, nami sikuwa na jibu zuri: nina paka wawili na ua mdogo. Nilimpakia kwenye gari la shemeji, tukampeleka kwa daktari. Alikuwa na uvimbe tumboni, mkubwa, wa siku nyingi. Daktari akasema upasuaji utamtesa tu. Nilimpigia tena jirani, maana uamuzi ulikuwa wake. Alinyamaza kwa muda mrefu, akakubali. Nilimwambia aje, tutamsubiri. Akasema yuko kazini.

Nilikishika kichwa cha Simba mimi, mtu ambaye kwa miaka yote ile alikuwa akinibwekea. Jioni jirani alinitumia elfu mbili kwa M-Pesa, kisha ujumbe: "Alikuwa amekula?"

Nilimjibu kwamba alikula maini, kidogo.

Hakuandika tena. Juzi nimesikia wanawe wanataka mbwa mwingine, na kwamba mwenye fleti amekubali wale wadogo wadogo.