Chama cha walimu wilayani: 2% inakatwa kwa wote, utetezi unawafikia wangapi?

Mada ya makato ya Chama cha Walimu Tanzania (CWT) imerudi tena hapa Arusha na kila ikirudi watu wanagawanyika palepale, hawa wanasema chama kinakula hela za walimu bure, wale wanasema bila chama mwalimu wa serikali asingekuwa hata na pa kulilia. Mimi si mwalimu ila mke wangu anafundisha shule ya msingi ya serikali na watoto wetu wanasoma shule hizohizo, kwaiyo hii ishu inanigusa kama mume na inanigusa kama mzazi, na naona pande zote mbili zina ukweli wake ila zote zinaangalia sehemu isiyo yenyewe.

Tuanze na makato yanavyofanya kazi maana wengi wanabishana bila kujua. Chama cha Walimu Tanzania kipo tangu 1993 na mwanachama anakatwa 2% ya mshahara kila mwezi. Sasa kuna walimu wanalalamika "mi sikujaza fomu yoyote mbona nakatwa", jibu liko kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inasema chama chenye wafanyakazi walio wengi ndo kinatambuliwa kuongea na mwajiri kwa niaba ya wote, na kikishakubaliana na mwajiri basi hata asiye mwanachama anakatwa ada ya uwakala, isiyozidi ile ya mwanachama. Sababu yake inaeleweka, nyongeza ikipatikana haiulizi nani alichangia nani hakuchangia, na kama kuchangia kungekuwa hiari tupu wengi wangekaa pembeni wakisubiri matunda. Mimi hoja hii naikubali. Ila sheria hiyohiyo imeweka sharti ambalo halisemwi sana, kwamba hela ya uwakala iwekwe akaunti yake tofauti na itumike kwa maslahi ya kiuchumi na kijamii ya wafanyakazi tu, isiende kwenye chama cha siasa wala matumizi mengine. Sa niulize, ni walimu wangapi wa Meru, Monduli au hapa jijini wamewahi kuonyeshwa mahesabu ya hiyo akaunti?

Wanaokitetea chama wanataja mambo makubwa na wana haki. Mei Mosi ya 2025 kule Singida kima cha chini cha watumishi wa umma kilitangazwa kupanda kutoka 370,000 mpaka 500,000, yani 35.1%. Uamuzi ni wa serikali lakini vyama kupitia shirikisho lao TUCTA vimekuwa vikisukuma hilo jambo mwaka hadi mwaka, hata hapa Sheikh Amri Abeid ilipofanyika Mei Mosi ya kitaifa 2024 kilio kilikuwa mshahara na kikotoo, yani ile kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu. Na kikotoo ndo mfano mzuri wa jinsi watu wawili wanavyoangalia kitu kimoja wakaona tofauti. Mwalimu wa zamani alitegemea kulipwa mkupuo wa 50% ya mafao yake akistaafu. Kanuni za 2018 zikaleta 25%, kelele zikapigwa, Desemba mwaka huohuo zikasimamishwa, 2022 ikaja 33%, 2024 ikapanda mpaka 40%. Ukihesabu kutoka 25 chama kimeshinda. Ukihesabu kutoka 50 mwalimu kapoteza, na mwalimu wa Moshi, tuseme, aliyekuwa na ramani ya nyumba yake ya kustaafia anahesabu kutoka 50 maana ndo hesabu aliyoishi nayo miaka thelathini kazini, hakuna wa kumlaumu kwa hilo.

Lakini hayo yote ni ya kitaifa. Mwalimu anapoumia kila siku ni wilayani kwa mkurugenzi, huko ndo kuna malimbikizo, hela ya uhamisho, nauli ya likizo, daraja lililochelewa mpaka mtu anapitwa na aliyeajiriwa nyuma yake. Mke wangu alihamishwa shule bila kuomba na hela ya uhamisho ilichukua miaka, na kila akienda ofisi ya chama ya wilaya jibu lilikuwa "tunafuatilia mwalimu". Hakuna karatasi ya kuonyesha amepokelewa, hakuna tarehe ya kurudi, hakuna kitu. Na huyu anaishi mjini anapanda hiace anafika. Mwalimu wa Malambo mpaka afike Loliondo kwenye makao makuu ya wilaya ya Ngorongoro anatumia siku na nauli ya maana, sasa huyo akiambiwa tunafuatilia anarudi na nini? Siku hizi maombi ya uhamisho yanapita ESS na tathmini ya kazi inajazwa PEPMIS, yote ni mifumo ya serikali ya mtandaoni, bando ni la mwalimu mwenyewe na simu ni yake, na hapa hapa mwakilishi wa chama shuleni angekuwa na kazi ya kueleweka kabisa, kukusanya malalamiko ya wenzake na kuyapeleka kwa maandishi kwa afisa elimu. Shule nyingi mwakilishi huyo anajulikana msimu wa tisheti za Mei Mosi tu. Naandika hivi kwa uchungu maana nawajua wawakilishi wachache wanaojituma na wanafanya kwa nauli yao wenyewe.

Upande wa wazazi lawama kubwa ni mbili, mgomo na kulindana.

Mgomo ule wa Julai 2012 watu wanaukumbuka, chama kilidai nyongeza ya 100% na posho za kufundishia, ukaanza tarehe 30 na ndani ya siku chache mahakama ikaamua ni batili. Watoto walikosa masomo na baadhi waliandamana kabisa. Wanaosema mgomo haukumsaidia mwalimu wala mtoto wana hoja, ila tangu hapo chama kimekuwa kipole mno mpaka mwajiri hana presha yoyote, na mimi naona kuna nafasi kubwa sana katikati ya kugoma na kunyamaza, mfano kupeleka madai ya wilaya nzima kwa pamoja, orodha moja yenye majina na viwango, na kuisoma mbele ya madiwani.

Kulindana ndo kunaniuma zaidi kama mzazi. Mwalimu akituhumiwa anafikishwa Tume ya Utumishi wa Walimu, ile iliyoundwa kwa sheria ya 2015, na chama kinaweza kumsaidia kujitetea. Hii ni haki yake na mimi naitetea, maana nimesikia mwalimu anapewa utoro kwa sababu tu hakuelewana na mkuu wa shule, bila mtu wa kusimama naye angepoteza kazi. Lakini kesi inayohusu mwili wa mtoto ni kitu kingine kabisa. Pale kazi ya chama iishie kuhakikisha utaratibu umefuatwa, ikitokea kiongozi yeyote wa chama anazunguka kuomba mtuhumiwa ahamishwe shule yaishe kimyakimya basi huyo amewasaliti walimu wote wanaofanya kazi kwa heshima.

Halafu kuna jambo pande zote mbili zinaliacha na kwangu ndo kubwa. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 watoto wamejaa, kiwango cha serikali kwa msingi ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, nenda kata zinazokua haraka kama Muriet au Olasiti uone mwenyewe. Darasa la kufurika linamchosha mwalimu na linamnyima mtoto, hapo maslahi ya mwalimu na ya mwanangu ni yaleyale. Chama cha wilaya kikisimama kusema shule fulani ina upungufu wa walimu kadhaa na vyoo kadhaa, wazazi tutakuwa nyuma yake. Sijawahi kukisikia kikisema hivyo kwenye mkutano wowote wa wazazi.

Wanaosema dawa ni kuhamia chama kingine cha walimu kama CHAKUHAWATA nawaelewa, ushindani unaamsha watu, ila walimu wakigawanyika vipande mwajiri ndo anafurahi. Mi naona pambano lihamie kwenye hela na inapokaa. Piga hesabu ya mfano tu, wilaya yenye walimu 1,500 na mshahara wa wastani laki saba, kila mmoja anakatwa 14,000, hiyo ni milioni 21 kwa mwezi, milioni 252 kwa mwaka. Kiasi cha kueleweka kikibaki wilayani unalipa mwanasheria, unampa kila mwakilishi nauli, unafungua rejista ya madai ambayo kila mwalimu anaona dai lake limefika wapi. Kwaiyo uchaguzi wa viongozi wa wilaya ukifika wagombea waulizwe hilo kabla ya kitu kingine chochote, kiasi gani kinarudi huku na nani anakisaini, na asiyekuwa na jibu asipewe kura.