Kibali cha ufukwe wa Thames: macho na sepetu visipimwe kwa mizani moja

Mto Thames unapopita London hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na tofauti ya maji hufika mita 7. Yakipwa hubaki changarawe na matope meusi yenye vitu vya karne na karne: vifungo, sarafu, vipande vya viko vya udongo, pini za shaba walizofungia nguo watu wa karne ya 16. Matope hayo hayapitishi hewa. Ndiyo maana pini iliyozama zaidi ya miaka 400 unaiinua ikiwa bado inang'aa, na soli ya kiatu cha ngozi inatoka na matundu yake ya sindano.

Lakini huwezi kushuka ngazi ukaanza kupekua. Ufukwe una wenyewe, sehemu kubwa ikiwa ya Crown Estate, shirika linalosimamia mali za ufalme, na Port of London Authority, mamlaka ya bandari ya London, ambayo ndiyo inayotoa vibali. Kibali kinatakiwa hata kwa anayetafuta kwa macho matupu. Yapo pia maeneo yanayolindwa kisheria, kama gati la kale la Queenhithe, ambako hata mwenye kibali hagusi kitu. Ukipata kitu cha kihistoria chenye zaidi ya miaka 300, unakipeleka London Museum kisajiliwe pamoja na mahali ulipokiokota. Kikiwa cha dhahabu au fedha, sheria ya mwaka 1996 inakupa siku 14 kutoa taarifa.

Wapo wanaouita huu urasimu. Mimi nauunga mkono, na sababu yangu inatoka Kilwa. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Nne zilikuwa za Uholanzi. Tano zilikuwa za shaba, za masultani wa Kilwa! Alikaa nazo hadi 1979 ndipo akazipeleka kuchunguzwa. Bahati njema alikuwa amechora ramani na kutia alama ya X pale alipoziokota, na bila ramani ile watafiti wasingekuwa na pa kuanzia. Ila hakuna aliyeandika zilikuwa kina gani wala zilikaa na nini, na mpaka leo hakuna anayejua kwa hakika zilifikaje huko. Historia yetu wenyewe ina pengo hapo. Kwa hiyo anayedai mahali paandikwe ananitetea mimi pia.

Ninachopinga ni kumweka mwenye macho na mwenye detekta, kifaa kinacholia kikikaribia chuma au madini mengine, kwenye foleni moja. Novemba 2022 mamlaka ilisimamisha vibali vipya kwa sababu waombaji walikuwa wengi mno, na baadaye ikafungua orodha ya kusubiri. Idadi lazima idhibitiwe, sawa. Lakini detekta kwenye ufukwe ule hulia karibu kila hatua, maana misumari ya meli zilizotengenezwa na kuvunjwa hapo imetapakaa kote, na kila mlio unamwita mtu achimbe. Shimo likifunguliwa, hewa inaingia kwenye matope, na ngozi iliyodumu karne nne inaanza kuoza.

Anayetumia macho anaokota kile ambacho maji yameshakitoa. Mawimbi ya boti yanaula ufukwe kila siku, na kitu kisipoonwa leo, kesho mto umekibeba. Hapo watu wachache maana yake ni hasara.

Ningependa viwepo vibali viwili. Cha kuchimba kibaki kigumu na cha wachache. Cha macho kiwe chepesi, kitolewe baada ya somo fupi la kusajili vitu na la usalama, kwa sababu maji ya Thames yakianza kujaa hukimbia, na ngazi zake zina utelezi wa kuvunja mguu.

Kwa sasa, mgeni wa London aliyeshikwa na hamu aulizie matembezi ya Thames Explorer Trust, ambao huongoza watu ufukweni kihalali. Na msiweke chochote cha kale kwenye sanduku la kurudi nyumbani: kitu kilichotoka kwenye ardhi ya Uingereza kikiwa na zaidi ya miaka 50 kinahitaji leseni ya kukitoa nchini, hata kama thamani yake ni ndogo.