Pambo la ukuta lisionekane tangu mlangoni

Kipimo changu cha ukuta uliopambwa kwa rangi ni hiki: mgeni akiingia sebuleni, aketi kwanza. Asalimiane na wenyeji, aegemee kiti, mazungumzo yaanze, na baada ya muda ndipo jicho lake litue ukutani na kugundua kwamba rangi ile si moja. Pambo likimpokea mlangoni kabla ya mwenye nyumba, basi limezidi.

Wengi hawakubaliani nami, nalijua hilo. Watu hupamba ukuta ili uonekane. Lakini sebule ni chumba cha kukaa, saa nyingi, kila siku, na ukuta hauzimwi kama televisheni. Kinachofurahisha kwa dakika mbili kinaweza kuchosha kwa miaka.

Somo hili lilinipata kwenye ukuta wangu mwenyewe. Nilitaka pambo la sponji, yaani rangi ya pili igongwe kwa sponji juu ya ile ya kwanza, nikachagua krimu iwe tabaka la chini na kahawia iliyokoza tabaka la juu, kwa sababu kwenye kadi ya rangi zilipendeza zikiwa pamoja. Zikiwa vipande viwili vya ukubwa wa kidole gumba, ni kweli, zilipendeza. Zilipotapakaa ukuta mzima zikawa madoa, maelfu ya madoa, kila moja na ukingo wake, na jicho halikuwa na pa kupumzikia. Nilivumilia kwa muda, mwishowe nikapaka upya. Safari ya pili nikashika krimu ile ile, na juu yake krimu iliyokolea kidogo tu, ya hatua moja chini yake kwenye kadi. Sponji ile ile, mkono ule ule. Ukuta ukatulia. Ukiusogelea ndipo unaona mawingu yake.

Kwa hiyo ninaposikia watu wakisema pambo la sponji limepitwa na wakati, au la kitambaa, au la brashi ndefu inayoburutwa kutoka juu hadi chini, nadhani lawama zinakwenda pasipostahili. Tatizo ni umbali kati ya rangi mbili. Rangi zikiwa jirani, karibu kila mbinu inapendeza. Zikiwa mbali, hakuna mbinu itakayoziokoa.

Jambo la pili ni kina. Rangi ya kawaida hufunika: iliyo juu huificha iliyo chini. Mapambo haya yanahitaji kinyume chake, rangi ya juu ipitishe mwanga, na ndiyo sababu mafundi huichanganya na gileizi, ule ute mwangavu usio na rangi ambao pia huchelewesha kukauka. Gileizi ikiwa nyingi kuliko rangi, mwanga hupenya tabaka la juu, hugonga la chini na kurudi. Rangi ya chini nayo iwe ya siliki, yaani aina yenye mng'ao laini, au yenye mng'ao kidogo. Ukiweka gileizi juu ya rangi isiyong'aa kabisa, ukuta huinywa kabla hujaigusa, na mabaka yatakayobaki hayatoki.

Na hapa pana jambo ambalo fundi wa haraka hulidharau: ukingo mbichi. Gileizi ya maji haikungojei. Ukipaka eneo kubwa kisha ukaanza kulichezea kwa kitambaa, kufika mwisho tayari mwanzo umekauka, na pale maeneo mawili yanapokutana hubaki mstari uliokoza kama mshono. Dawa ni watu wawili, mmoja akipaka ukanda mwembamba kutoka darini hadi chini, mwingine akimfuata kwa kitambaa au sponji, na kupumzika ni kwenye kona tu, kamwe si katikati ya ukuta. Mtu akiniambia atafanya peke yake, kwenye ukuta mpana, ndani ya saa moja kabla ya kutoka, namsihi aahirishe.

Sizipendi rola zenye maua au mikunjo iliyochongwa tayari. Rola ikizunguka mara moja imekwisha kusema yote iliyo nayo. Kuanzia hapo inarudia. Jicho la binadamu ni hodari wa kukamata marudio, na likishayakamata haliachi kuyahesabu. Sponji asilia ya baharini hupendeza kwa sababu haina upande unaofanana na mwingine, ilimradi kiganja kiwe kinageuka kila unapogusa ukuta. Ukiwa na sponji ya kiwandani iliyokatwa mraba, inyofoe kingo zake kwa vidole kwanza, la sivyo utagonga vijiboksi ukuta mzima.

Kuiga marumaru ndiko kunakoniweka njia panda. Ni kazi ya kale sana: kuta za Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo, zina plasta iliyopakwa rangi ionekane kama vipande vya marumaru ya thamani. Naiheshimu mikono iliyofanya vile. Lakini kuiga marumaru kunamtaka mtu aliyekaa akalitazama jiwe lenyewe, akaona jinsi mishipa yake inavyopasuka na kufifia, isivyo kama matawi ya mti. Mishipa iliyochorwa kwa kubahatisha husaliti ukuta wote. Kama fundi hana mfano wa jiwe mkononi, heri aache.

Ninachokipenda kuliko vyote ni chokaa. Chokaa iliyozimwa kwa maji, ikishapakwa, huvuta kaboni dioksidi kutoka hewani na kugeuka tena kuwa kalsiamu kaboneti, jiwe lile lile ilikotoka kabla ya kuchomwa. Mapigo ya brashi yaliyopishana hubaki humo kama kivuli, hakuna baka linalofanana na jingine, na hakuna mtu aliyeyapanga. Inataka uvumilivu: ikiwa mbichi huonekana hafifu, karibu maji matupu, kisha hukauka ikiwa nyeupe zaidi kuliko ulivyotarajia. Haishiki vizuri juu ya rangi ya plastiki bila praima yake maalumu, ile rangi ya kwanza ya kuishikiza. Na vaeni miwani na glavu, tafadhali, kwa sababu inachoma macho na ngozi.

Kwa asiyetaka kujaribu lolote kati ya hayo, ipo njia ya mistari ya rangi moja. Paka ukuta rangi isiyong'aa, bandika utepe wa karatasi, kisha paka mistari kwa rangi hiyo hiyo ya aina ya siliki. Kabla ya siliki, pitisha ile isiyong'aa kwenye kingo za utepe. Kama kuna itakayopenya chini yake, itakuwa ya rangi ya ukuta na haitaonekana, na mstari utatoka umenyooka. Mchana ukuta ni mmoja. Mwanga ukija kwa ubavu, mistari hujitokeza.

Mwanga wa ubavu hauna huruma, lakini. Dirisha lililo pembeni ya ukuta hufichua kila kibonde ambacho puti ya kuzibia na msasa viliruka, na kila chenye mng'ao hukuza aibu hiyo. Ndiyo maana huwa sianzi ukutani. Naanza na ubao wa sentimita 60 kwa 60, uliopakwa hatua zote kama ukuta utakavyopakwa, na nauhamisha chumbani kutwa.

Ubao nilio nao sasa una buluu mbili jirani, kwa kitambaa. Umeegemea karibu na dirisha, leo siku ya tatu. Asubuhi naupenda sana. Jioni taa ya njano ikiwaka, ile buluu ya juu inageuka kijivu cha ubaridi, kwa hiyo kesho nachanganya nyingine.