Rola Zilipopakwa Grisi

Fundi mkuu wa karakana yetu pale Keko anaamini kwamba kila kinachozunguka kinataka grisi. Feni, bawaba, baiskeli za majirani, vyote vimeshapita mikononi mwake. Kwa hiyo mashine ya randa, ile inayolainisha mbao kwa visu vinavyozunguka, ilipoanza kugoma, ubao wa mninga ukiingia kidogo na kusimama, hakuuliza kulikoni. Alichota grisi kwa vidole vitatu akazipaka rola, ya mbele na ya nyuma, kama anayempaka mtoto mafuta asubuhi ya shule.

Sasa, rola ya mbele, ya kuingizia, imepewa meno ili iung'ate ubao na kuuvuta. Ukiipaka grisi inazunguka vizuri mno, ila inazunguka peke yake. Ubao ukatulia chini ya visu, visu vikala palepale vikachimba mfereji, moshi ukaanza kutoka.

"Zima! Rola za mezani ziko chini!" akasema mzee, akashika spana.

Rola hizo, zinazokaa mezani chini ya ubao, kwa mbao kavu iliyonyooka, zichungulie juu ya meza kwa milimita 0.1 tu, kwa mbao mbichi yenye manundu, nusu milimita inatosha. Yeye alizipandisha mpaka ukisimama mlangoni unaziona. Mashine ikawashwa. Ubao ukawa unapiga bembea, na ncha zake, ambazo hazina pa kuegemea, zikaliwa zaidi ya katikati.

"Sukumeni, vijana!"

Tukasukuma watatu, miguu ikiteleza kwenye maranda. Ubao ulipoachia ghafla, sote tukaangukia ubavuni, mmoja juu ya mwingine, wa chini akilalamika kwamba kakaliwa na mtu mwenye tepu mfukoni. Bahati yetu hakuna aliyekuwa ameingiza mkono mdomoni mwa mashine.

Mzee alipokwenda kunywa chai ndipo nikachomoa waya wa umeme na kuifungua mashine. Ugonjwa haukuwa kwenye rola hata kidogo. Visu vilikuwa vimetoka kunolewa, vikafungwa ndani kidogo kuliko mwanzo, na hakuna aliyekumbuka kwamba bapa la kubana, lile linalokaa nyuma ya visu, nalo lilipaswa kupandishwa. Ubao ulikuwa ukirandwa vizuri, kisha unagonga bapa na kukwama.

Grisi niliitoa kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, nikifuata mstari wa meno, maana utomvu na vumbi hujificha humo. (Hizo ni rola za chuma. Za mpira zifutwe kwa spiriti, mafuta ya taa huzivimbisha.) Grisi iende kwenye bushi za nchani, zile zinazoshika ncha za rola, basi, tena kidogo. Meza nikaisugua kwa mshumaa.

Kupima hakuna uchawi. Weka kipande cha mbao ngumu kilichorandwa chini ya kisu kilichogeuzwa hadi chini kabisa, pandisha meza mpaka kisu kikiguse kwa shida. Hapo ndipo sifuri. Bapa la kubana liguse kipande hichohicho katika sifuri hiyo. Kisha shusha meza milimita 1, urekebishe skrubu mpaka rola ya kuingizia iguse. Rola ya kutolea, nusu milimita kutoka sifuri hiyohiyo. Fanya kulia na kushoto. Springi nazo zikazwe sawa pande zote, vinginevyo ubao utatoka mshazari kama umelewa. Rola za mezani nikazirudisha mahali pake.

Mbao zilizofuata zilipita bila kusukumwa. Ubao ule wa kwanza, wenye mfereji, grisi na ung'avu wa kuungua, tuliuegemeza ukutani, na ndio mama aliyeagiza kitanda aliouona alipoingia.

"Shikamoo, mzee. Heh, kumbe mmeshapiga na vanishi!"

"Marahaba. Ndiyo, mama," mzee akajibu bila kupepesa jicho. "Mkono wa kwanza huo."

Mama akapitisha kidole, akakitazama kinavyong'aa, akaagiza na zilizobaki zipigwe hivyohivyo.