Wekundu wa jani la mkorosho

Twanga jani bichi la mkorosho, liloweke kwenye spiriti, kisha chuja. Utapata maji ya kijani. Yapeleke gizani uyamulike kwa ile taa ya zambarau ambayo maduka ya hapa Mtwara hukagulia noti bandia, na ule ukijani unatoweka: maji yanang'aa mekundu kama kaa la moto. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha sita alipoyaona aliuliza: "Mwalimu, kama tunataka kujua jani linafyonza mwanga kiasi gani, si tupime unaoingia na unaopenya? Huu mwekundu wa nini?"

Ana hoja nzito. Ukichukua mwanga ulioingia, ukatoa ulioakisiwa na uliopenya, unaobaki ndio uliofyonzwa. Huhitaji kukisia yanayotokea ndani.

Njia hiyo hukwama kitu kinapofyonza kidogo mno. Ni sawa na kutafuta uzito wa korosho moja kwa kupima gunia zima mara mbili, nayo ikiwemo na ikiwa imetolewa, mizani haitaiona. Luminesensi, yaani mwanga ambao kitu chenyewe hutoa baada ya kuchochewa, hupimwa gizani peke yake, bila gunia. Mwaka 1954 wanafizikia van Roosbroeck na Shockley walionyesha jinsi utoaji wa mwanga na ufyonzaji wake unavyofungamana katika semikondakta, yaani vitu vinavyopitisha umeme kwa kiasi tu. Kwa kufuata uhusiano wa namna hiyo, mwaka 1995 watafiti Daub na Würfel walitumia mng'ao wa silikoni, malighafi ya paneli nyingi za sola, kupata viwango vya ufyonzaji vidogo ajabu. Hapo naiunga mkono luminesensi bila kusita.

Kwa jani nasita. Ukibadilisha rangi ya mwanga unaochochea huku ukipima ule wekundu, unapata mchoro unaofanana na wa ufyonzaji, ilimradi kila mwanga uliofyonzwa uwe na nafasi ileile ya kuzaa wekundu. Jani halitimizi sharti hilo. Karotenoidi, zile rangi za manjano za jani, hufyonza mwanga wa buluu, lakini huipa klorofili, rangi ya kijani inayotoa ule wekundu, sehemu tu ya nishati yake, kwa hiyo buluu huonekana pungufu kuliko ilivyo. Tena jani humeza wekundu wake lenyewe: kati ya vilele viwili vya mng'ao huo, karibu nanomita 685 na 740 (nanomita ni kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga), cha kwanza hupunguzwa kikiwa njiani kutoka.

Kinachonivutia ni kwamba kasoro hii ya pili ina faida. Klorofili ikizidi, kilele cha 685 hushuka kikilinganishwa na cha 740, na uwiano huo unakadiria klorofili bila kulichuma jani. Kwa watafiti wa korosho kama wa kituo cha Naliendele, jani linalobaki mtini ni jambo kubwa, maana unaweza kulirudia wiki ijayo. Hata hivyo, vipo vifaa vya mkononi vinavyobana jani na kupenyeza mwanga, navyo pia haviling'oi. Kwa kukadiria klorofili peke yake ningeanza na hivyo, kwa sababu ukali wa mng'ao huyumba pia jani likipata kiu au jua kali.

Mwanafunzi yule nilimpa glasi mbili. Katika ile ya maji mazito, wekundu ulikaa ukingoni tu, pale taa ilipogonga, kwa kuwa mwanga wake ulifyonzwa kabla ya kufika ndani. Ya pili tuliizimua kwa spiriti kidogo kidogo mpaka wekundu ukaenea glasi nzima. Kuanzia hapo, ukipunguza rangi kwa nusu, mng'ao nao hushuka karibu nusu. Kabla ya hapo, hesabu hudanganya.