Kompyuta ya zamani mpelekee fundi redio

Ushauri wa "itupe tu, nunua laptop" nimeusikia mara nyingi mno mwaka huu, na sikubaliani nao hata kidogo.

Baba mdogo alirudi kutoka masomoni Uingereza na BBC Micro, kompyuta ya nyumbani iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Acorn mwaka 1981. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 32. Kwa miaka mingi ilikaa juu ya kabati kwetu Chang'ombe, hapa Dodoma, ikila vumbi. Nilipoichomeka iliwaka, na baada ya dakika chache upande wa kushoto ukafuka moshi wenye harufu kali iliyokaa sebuleni hadi kesho yake. Maduka mawili ya kompyuta niliyoipeleka yaliniambia imekufa. Hakuna aliyelegeza hata skrubu moja.

Aliyeifungua ni mzee mmoja anayetengeneza redio pale Majengo. Kabla ya kugusa chochote aliuondoa umeme uliobaki kwenye kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme) kubwa ya saplai, yaani sehemu inayogeuza umeme wa ukutani kuwa ule mdogo wa kompyuta, kwa sababu hata waya ukiwa umechomolewa, humo huweza kubaki zaidi ya volti 300. Kama hujui kazi hiyo, usijaribu. Kisha akanionyesha kilichofuka: kapasita ndogo ya rangi ya asali, ganda limepasukapasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi.

"Hii ni ya kuchuja kelele za umeme tu, mwanangu. Ndani ni karatasi. Ganda likipasuka, unyevu unaingia, ukiipa volti 230 inalipuka. Mashine yenyewe haijafa."

Akaweka mpya, akapima saplai kwa testa kabla ya kuiunganisha na bodi. Volti 5 kamili. Utaratibu huo ndio ninaoutetea: anza na umeme, upime, ndipo uilaumu chipu.

Tukaiwasha. Ikatoa mlio mzito usiokoma, na TV ya chogo ikabaki bila maandishi. Hapo ndipo nilipojifunza kitu kizuri kuliko vyote. BBC Micro ikiwaka sawasawa hutoa mlio mzito, kisha mwingine mfupi na mwembamba. Ule mzito chipu ya sauti huanza kuutoa yenyewe mara tu inapopata umeme. Programu ya kuanzishia ndiyo huunyamazisha. Mlio usipokoma, maana yake prosesa, chipu kuu inayoendesha kompyuta, haijafanikiwa kuipitia programu hiyo. Mashine inakwambia kwa sauti imekwama wapi, hata kioo kikiwa kitupu!

Chipu zake kadhaa kubwa zimekaa kwenye soketi, hazikuchomelewa. Mzee akazing'oa zile zilizobeba programu moja moja, akaipangusa miguu yake iliyoshika kutu nyeusi kwa brashi na spiriti, akazirudisha kwa kuzikandamiza kwa dole gumba mpaka zikakaa sawasawa. Tukawasha tena. Mlio mzito, ukakatika, ukafuata ule mwembamba. Kwenye kioo: BBC Computer 32K, chini yake BASIC, lugha ya kuandikia programu.

Siwadharau vijana wa madukani. Wamefundishwa kubadilisha vipande na kusafisha virusi, na kazi hiyo wanaiweza. Lakini naona tunakosea kudhani kwamba kila kitu kinachoitwa kompyuta ni chao. Mashine hizi ni ndugu wa redio kuliko wa simu ya leo. Ningependa kuona vyuo vyetu vya ufundi vikiwapa wanafunzi mashine kama hii yenye hitilafu, wafuate umeme kwa testa kutoka kwenye plagi hadi kwenye chipu, maana ndani yake kila sehemu inaonekana kwa macho na inashikika kwa vidole.

Jioni ile nilimpigia baba mdogo, nikaweka simu karibu na spika, nikazima na kuwasha. Aliposikia milio miwili akaniambia niandike PRINT "DODOMA". Nikaandika. Kitufe cha D kinataka kubonyezwa mara mbili. Jumamosi nakipeleka Majengo.